Ufa huu ulikuwepo kabla ya nyundo?

Ugomvi wenyewe huwa uleule. Nyumba ya zamani inabomolewa ili kupisha ghorofa, nyundo zinaanza kulia mapema asubuhi, na siku chache baadaye mwenye nyumba ya pili anamvuta msimamizi wa kazi ndani kwake kumwonyesha ufa uliopanda kutoka kona ya dirisha mpaka darini. Msimamizi anapitisha kidole. "Mama, huu ni wa siku nyingi, tazama ulivyojaa vumbi." Mama anaapa kuwa wiki iliyopita ukuta ulikuwa mzima. Anaitwa mjumbe, anaitwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, watu wanajaa mlangoni kila mmoja na ushahidi wake wa macho. Mwisho wanaombwa wavumiliane, kwa kuwa maendeleo ni ya wote, na nyundo zinarudi kazini kabla ya adhuhuri.

Kariakoo, Eastleigh, Mombasa, Kampala ya kati, viwanja vitupu vimekwisha. Kila ghorofa jipya linaanza kwa kubomoa kitu, na kinabomolewa huku jirani anapika, anauza duka, analaza mtoto. Mijadala yetu ya bomoabomoa huishia kwenye alama nyekundu ya X, notisi na fidia. Aliyewekewa X angalau ana karatasi ya kupeleka mahakamani. Yule wa ukuta wa pili, ambaye nyumba yake inabaki, hana chochote mkononi zaidi ya ufa na hasira.

Ardhi ikitikisika, chombo kinachoweza kusema imetikisika kiasi gani kinaitwa jiofoni. Ni kasha dogo ambalo ndani yake mna sumaku, na koili iliyoning'inizwa kwa springi. Kasha likisukumwa na ardhi, koili inabaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo ya mwendo inazaa umeme mdogo unaolingana na kasi ya mtikisiko. Kasi hiyo husomwa kwa milimita kwa sekunde, katika pande tatu kwa pamoja: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kinachotafutwa ni kilele, yaani pigo baya kuliko yote ya siku. Kasha hufungwa kwa bolti kwenye msingi wa nyumba ya jirani au kuzikwa kando yake. Ukiliweka juu ya zulia, litakupa habari za zulia.

Mwili wa binadamu nao ni jiofoni, tena kali mno. Viwango vya Uingereza vinavyotumika katika kazi za ujenzi vinasema mtu aliye nyumbani kwake huanza kuhisi mtetemo ukifika milimita 0.3 hivi kwa sekunde, na ukifika 1 malalamiko yanatarajiwa. Lakini kwa viwango vya nchi hiyohiyo, nyumba ya kawaida ya kuishi haitarajiwi kupata hata ufa mwembamba wa plasta mpaka mtetemo ufike 15. Ugomvi wa mlangoni unaishi katikati ya 1 na 15. Sahani zinalia kabatini, maji yanacheza kwenye glasi, mtoto anaamka akilia, na ukuta bado haujadhurika. Mama hadanganyi anaposema nyumba ilitikisika. Msimamizi naye huenda hadanganyi anaposema mtikisiko ule haukutosha kupasua ukuta.

Wajerumani ni wakali zaidi. Kiwango chao, DIN 4150, kinaruhusu milimita 5 kwa sekunde kwenye msingi wa nyumba ya kuishi, na 3 tu kwa jengo la kale au lililo dhaifu, pale mitikisiko inapokuwa ya taratibu, chini ya mara 10 kwa sekunde. Mwendo huo wa taratibu ndio unaotisha, kwa sababu unakaribia mchezo wa asili wa jengo lenyewe, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Nyundo ya mashine hugonga haraka na mtetemo wake hufifia baada ya mita chache. Kipande kikubwa cha sakafu kinachoachiwa kutoka ghorofa ya tatu hutoa pigo zito la taratibu linalosafiri mbali.

Kenya iliandika namba yake mwaka 2009, katika kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo iliyopita kiasi: sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo la kazi, ambayo ni zile milimita 5 za Wajerumani. Tanzania nayo ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Sheria haikosekani. Anayekosekana ni mtu wa kusimama mpakani na chombo mkononi.

Hata hivyo mimi nisingeichukua ile 15 ya Uingereza na kuipeleka Kariakoo, Pumwani au Manzese kama ilivyo. Nyumba zetu nyingi za mjini zimejengwa kwa tofali la mchanga ambalo saruji yake ilibanwa, juu ya msingi mfupi, na nyingine bado ni miti na udongo chini ya plasta nzuri. Mji Mkongwe wa Zanzibar umesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Simaanishi kwamba nyundo ya jirani ndiyo iliyoliangusha. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi ukuta wa namna ile unavyoweza kuchoka ndani kwa ndani huku sura yake nje ikiwa ya kifalme. Kwa majengo kama hayo, 3 ndiyo namba ya kuanzia mazungumzo, na mhandisi anayetaka zaidi aeleze kwa nini.

Upande wa pili nao una haki yake. Kuta hupasuka zenyewe. Maeneo mengi ya Nairobi yako juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, na nyumba iliyo juu yake hufungua na kufunga nyufa kila mwaka bila msaada wa mkandarasi. Nchini Marekani, watafiti wa Ofisi ya Migodi walipima nyumba karibu na machimbo miaka ya 1970 na 1980, wakakuta kwamba joto la mchana na baridi ya usiku, pamoja na mlango unaobamizwa, huvuta ukuta kwa nguvu inayolingana na ile ya mlipuko usio mdogo. Mkandarasi mjanja anayajua haya na atayatumia. Mkandarasi mwaminifu anayahitaji pia, maana bila kipimo atalipa nyufa za baba wa babu yake.

Ndiyo maana kazi kubwa ya upimaji hufanyika kabla ya nyundo ya kwanza. Mhandisi huingia nyumba za jirani moja baada ya nyingine, pamoja na mwenye nyumba, na kupiga picha kila ufa huku rula ikiwa imewekwa kando yake ili upana usomeke. Tarehe inaandikwa, pande zote mbili zinatia saini, kila mmoja anabaki na nakala. Kwenye ufa unaotiliwa shaka hubandikwa kipimo cha plastiki chenye mistari, au kwa njia ya zamani, kipande cha kioo au bonge la plasta ya jasi linalokatika ukuta ukisogea. Jiofoni nayo huachwa kwa siku kadhaa ikisikiliza mtaa kabla kazi haijaanza, kwa sababu barabara yenye malori na mabasi haikuwa kimya hapo awali. Bila rekodi hiyo, hata chombo cha bei mbaya kitakachofungwa baadaye kitasaidia nusu tu.

Namba zikianza kupanda, kuna mengi ya kufanya kabla ya kusimamisha kazi. Chombo cha kisasa hutuma ujumbe kwenye simu ya mhandisi mtetemo unapokaribia kikomo, na ujumbe wa pili, mkali zaidi, unapokifikia. Nguvu ya kipande kinachoanguka inategemea uzito wake na urefu wa anguko, lakini mtetemo haupungui sawasawa na nguvu hiyo. Ukipunguza urefu kwa nusu, mtetemo hupungua kwa chini kidogo ya theluthi moja. Ukikata kipande hichohicho mara nne na kuteremsha robo moja moja, unapungua kwa nusu. Kutandaza kifusi laini au mchanga pale vinapoangukia husaidia. Linalosaidia kuliko yote, hasa mitaa ambayo majengo yamebanana, ni kukata kwanza kila mahali jengo linalobomolewa linapogusa la jirani, kwa msumeno au kwa tindo na mkono, ili pigo lisipate njia ya zege kwa zege. Kazi hiyo ni ya polepole, na polepole ni pesa, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa.

Mfano wa upande mwingine kabisa wa kazi hii ulionekana Noida, jirani na Delhi, tarehe 28 Agosti 2022. Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeamuru minara miwili ya makazi, mmoja wa ghorofa 32 na mwingine wa 29, ibomolewe kwa kukiuka taratibu za ujenzi. Jengo la karibu lenye wakazi lilikuwa mita 9 tu kutoka pale. Kilo 3,700 hivi za baruti ziliishusha minara hiyo kwa sekunde chache. Dunia nzima ilitazama video. Kilichonivutia mimi ni matayarisho: mlipuko wa majaribio miezi kadhaa kabla, nguzo zilizofungwa wavu wa chuma na kitambaa kizito, maelfu ya wakazi waliohamishwa kwa siku ile, na wataalamu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa majengo waliotega vyombo vya kupimia mtetemo. Uzio wa ukuta wa jirani uliharibika sehemu moja na vioo kadhaa vya madirisha vikavunjika. Hakuna aliyelazimika kubishana kama mtetemo ulikuwepo. Washauri wa kazi ile walikuwa kampuni ya Afrika Kusini, ileile iliyoangusha jengo la Bank of Lisbon katikati ya Johannesburg Novemba 2019, mita 108 za zege kati ya majengo mengine, baada ya moto wa mwaka uliotangulia kuua wazima moto watatu. Ujuzi huu, basi, upo hapahapa barani.

Hapa kwetu hatutumii baruti mjini, na ni heri. Lakini baruti ina faida moja: inamalizika kwa sekunde. Nyundo ya ekskaveta inapiga wiki nzima, na hapo linaingia suala la kelele.

Nitalipitia kwa haraka, kwa kuwa kelele ndiyo rahisi kupima na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Desibeli haziongezeki kama shilingi: zikipanda 3, nishati ya sauti imezidi mara mbili. Taasisi ya Marekani ya afya kazini inaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila 3 zinapoongezeka muda salama unakatwa nusu. Ekskaveta yenye nyundo hutoa karibu 90 kwa umbali wa mita 10. Fundi aliyeishika nyundo ya hewa mwenyewe, bila kinga ya masikio, anamaliza posho yake ya siku kabla ya chai ya saa nne. Kanuni za Kenya zinaruhusu eneo la ujenzi lililo kwenye makazi, karibu na shule au hospitali, desibeli 60 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa 12 jioni. Anayebomoa usiku ili kukwepa foleni ya magari hana namna ya kutimiza 35. Nyundo ikibadilishwa kwa taya la kutafuna zege, kelele na mtetemo hushuka pamoja. Ratiba nayo haigharimu kitu: kusimama wakati wa swala ya Ijumaa, na kutopiga nyundo jirani na shule wiki ya mtihani wa darasa la saba.

Vumbi ndilo linaloua, na ndilo tunalolitania. Agosti na Septemba 2018, majengo kama Ukay Centre na Taj Mall yalipobomolewa Nairobi, umati ulisimama kutazama na simu zikiwa juu. Vumbi linaloonekana kwa macho, lile la kuchafua nguo kwenye kamba, kwa kiasi kikubwa hukwama puani na kooni. Hatari ni chembe ndogo zisizoonekana, za mikroni chache, wakati unywele una mikroni 70 hivi. Zege ni mchanga, mchanga ni silika, na silika iliyosagwa kuwa unga laini hufika mwisho wa pafu na kuacha kovu lisilopona. Pafu lenye kovu hilo hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, jambo lililojulikana zamani kwa wachimba madini wa kusini mwa Afrika. Kenya na Tanzania zote zimo katika orodha za Shirika la Afya Duniani za nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kijana anayepiga tindo akiwa amejifunga fulana usoni hana kinga. Fulana huzuia zile chembe kubwa, ambazo pua ingezizuia pia.

Shirika hilo linapendekeza chembe za hadi mikroni 10 zisizidi mikrogramu 45 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24. Kwenye ubomoaji wastani wa siku hautoshi kuongoza kazi, maana dakika 20 mbaya zinafichwa na usiku mtulivu. Kwa hiyo wataalamu wa hewa Uingereza wanapendekeza kengele ilie wastani wa saa moja ukifika 190. Chombo hurusha mwali wa leza ndani ya hewa kinayoivuta, na kusoma jinsi chembe zinavyoutawanya. Viwe angalau viwili, kimoja upande upepo unakotoka na kingine unakoelekea, na tofauti kati yao ndiyo vumbi la mkandarasi. Vinginevyo atasema, na pengine kwa haki, kwamba ni vumbi la barabara. Pwani yetu hili linahitaji akili: chombo kilichowekwa sawasawa wakati wa kaskazi kitakuwa upande usio na kazi kusi ikianza kuvuma, na hata ndani ya siku moja upepo wa bahari na wa nchi kavu hupokezana.

Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo, kinatengeneza vipima hewa vya bei nafuu vinavyotumika Kampala na miji mingine ya Afrika. Ni kazi ya kujivunia. Lakini vipimo vya aina hiyo ni hodari zaidi kwa chembe ndogo za moshi kuliko vumbi zito la zege, kwa hiyo ukikitundika kimoja kwenye uzio wa ubomoaji kikakuambia hewa ni safi, usikiamini peke yake. Kikilalamika, kiamini.

Dawa ya vumbi ni maji, na maji mjini yana mgao wake. Mpira mnene unaomwaga maji juu ya kifusi hufanya tope, na vumbi linaendelea kupaa pembeni. Matone madogo ya ukungu, yanayoelekezwa pale nyundo inapouma, hunasa chembe vizuri zaidi kwa maji machache. Turubai kwenye jukwaa la nje husaidia, na mabati ya zamani ya asbesto yanatakiwa kutolewa mazima, yakiwa yameloweshwa, kabla ya kingine chochote. Ila kila kinga ina upande wake wa pili. New York, jengo la Deutsche Bank lililoharibiwa na matukio ya Septemba 2001 lilibomolewa kwa kupunguzwa ghorofa baada ya ghorofa, likiwa limezibwa ili vumbi lake lenye sumu lisitoke. Agosti 2007 lilishika moto. Vizuizi vya vumbi vilikuwa vimeziba ngazi, bomba la maji ya zimamoto lilikuwa limekatwa, na wazima moto wawili wakafa. Hewa ya nje ililindwa, njia za kutokea zikasahauliwa.

Linabaki swali la nani anashika namba. Mara nyingi, pale vipimo vinapofanyika, mkandarasi humwajiri mpimaji, mpimaji humpa mkandarasi ripoti, na ripoti hulala kwenye faili. Sioni kwa nini iwe hivyo. Migodi mikubwa ya wazi hutega jiofoni kila inapolipua, na vijiji vya kando vimekuwa vikilalamikia nyufa kwa miaka mingi. Somo moja la huko ni kwamba namba zisizoonyeshwa kwa wanakijiji hazimtulizi mtu yeyote, hata zikiwa nzuri. Ubao kwenye uzio, unaoandikwa kila jioni kilele cha mtetemo, kelele na vumbi pamoja na kikomo chake, unagharimu chaki.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Yatakayoonekana hayafai yatabidi yashushwe, mengi yakiwa yamebanana na mengine yenye watu, maduka na stoo za mizigo. Mamlaka inayotoa kibali cha kubomoa ina nafasi ya kudai mambo mawili kabla ya kugonga muhuri: picha za nyufa za majirani zilizotiwa saini, na rekodi ya jiofoni ya wiki moja kabla ya kazi. Nakala ya vyote viwili ikae kwa jirani, nyingine ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo mwenyekiti ataitoa drooni atakapoitwa tena kuamua ufa ulikuwepo au la.